Marehemu wa Sindeni

Korogwe,
3 Machi 2025

Kwako marehemu Zuena binti Mhina,

Natumaini kaburi halivuji. Masika yanakaribia, na nyinyi watu wa Handeni mnachimba makaburi kama mnavyolima, juu juu.

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama mashine yako ya kusaga inaunguruma, izime, wateja wasubiri. Ile hadithi yako ya "Unga wa Mwezini", niliyoichapa hapa dukani kutoka kwenye daftari lako la kijani nikaituma kwa wale watu wa Mkutano wa Dunia wa Hadithi za Kisayansi, imeingia sita bora. Sita, Zuena, kati ya mia nne na kitu! Wameitafsiri kwa Kiingereza na kuitoa kwenye jarida lao. Mkutano wenyewe ni Agosti, Lisbon, huko Ureno. Wanachama wao ni maelfu. Watazisoma zote sita, watapiga kura, na mshindi atapewa Tuzo ya Kimondo, ambayo ni kipande cha jiwe lililoanguka kutoka mbinguni, wamekisimamisha juu ya kibao.

Wanataka picha yako na maelezo mafupi ya maisha yako, wayaweke kwenye kitabu cha mkutano. Anwani waliyo nayo ni barua pepe yangu, kwa hiyo niachie mimi. Picha ninayo, ile uliyopiga Idi umenuna.

Na kwa kuwa sasa umekuwa mtu wa dunia, niamkie basi. Nimekuzidi miaka sita, na tangu ujue kusema sijaisikia shikamoo yako.

Mtani wako anayesubiri kukurithi,
Hiza


Sindeni, Handeni,
11 Machi 2025

Kwako Hiza, mtoto wa shangazi, mla vya marehemu,

Barua yako kanipa Sadala kondakta leo mchana. Nimefunga, koo limekauka, na bado nilipiga kelele. Mama mmoja akamwaga debe zima la mahindi akidhani mkanda wa mashine umenikata mkono.

Shikamoo huipati. Baba yangu na mama yako wametoka tumbo moja, kwa hiyo mimi na wewe ni watani mpaka mmoja amzike mwenzake, na mtani haamkiwi. Nikifa, wewe ndiye utakayevaa gauni langu msibani, uige mwendo wangu na sauti yangu, watu wacheke huku wanalia. Ukifa wewe, nitaiga unavyokula. Siku nitakayokuamkia ujue utani umekwisha.

Sasa nisikilize kidogo bila mzaha. Mwaka wa kumi na moja huu naandika. Hapa Sindeni anayenipenda anasema ni nzuri kwa sababu ananipenda, na asiyenipenda anauliza mwanamke wa mashine ana mambo gani na mwezi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alisifia hata zile nilizozichana. Hakuna hata mmoja niliyeweza kumwamini. Lakini hao watu wa huko hawanijui. Hawana sababu ya kunionea huruma wala ya kunionea wivu. Wakisema mbaya, ni mbaya, nitaacha na nitalala mapema kama wenzangu. Wakisema nzuri, Hiza, basi ni nzuri. Jiwe lao sina haja nalo. Nataka kujua tu.

Kwa hiyo usiwaambie mengi. Waambie nina mashine ya kusaga Sindeni. Basi.

Futari njema. Mwisho wa mwezi wenzangu watakuwa wanautafuta mwezi angani, nami nimeshaufungulia mashine.

Zuena


Lisbon,
2 Aprili 2025
(kwa barua pepe)

Ndugu Hiza,

Naitwa Elina. Niko kwenye kamati ya Tuzo ya Kimondo. Mama yangu alikuwa muuguzi wa misheni kule Lutindi, nami niliishi huko mpaka nilipotimiza miaka tisa, ndiyo sababu nimepewa kazi ya kukuandikia. Kiswahili changu kimezeeka, unisamehe.

Tumeyapokea maelezo yako na tumeyasoma kwa huzuni: "Marehemu Zuena Mhina alikuwa msagaji wa Sindeni. Ameacha mashine moja, madaftari kumi na moja na ndugu wengi wenye njaa." Hatukujua kwamba Bi. Zuena ametutoka. Poleni sana, wewe na familia yote.

Kanuni zetu zinaruhusu hadithi ya marehemu iendelee kupigiwa kura. Jina lake tutaliweka pia kwenye ukurasa wa waliotutoka mwaka huu, na ukumbini tutasimama dakika moja kwa ajili yake. Tungependa ndugu yake mmoja aje Lisbon kwa niaba yake, nauli na malazi ni juu ya mkutano. Je, wewe utaweza kuja? Tafadhali nithibitishie haya yote, na uniambie alizaliwa mwaka gani.

Kwa heshima,
Elina


Korogwe,
4 Aprili 2025
(kwa barua pepe)

Bi. Elina,

Nimeipokea barua yako. Nimeisoma mara nyingi.

Alizaliwa mwaka 1977. Mimi ndiye niliyezichapa hadithi zake zote. Naweza kuja.

Hiza


Korogwe,
9 Aprili 2025

Kwako Zuena,

Idi iliendaje? Sisi huku tulikula vizuri, mama alisema pilau lilikosa mkono wako.

Wale watu wameyapokea maelezo na wameyapenda. Kuna habari nyingine. Wanalipia safari ya mtu mmoja. Nimekaa nikafikiri. Goti lako halifai kwa kukaa kwenye ndege masaa yote hayo, pasipoti huna, na pasipoti inachukua muda, unajua mambo ya ofisi. Na mashine ukiifunga wiki mbili wateja wako watahamia Kwamatuku. Halafu ni Kiingereza kitupu. Nikawauliza kama naweza kwenda mimi kwa niaba yako, wakakubali.

Ukisema hapana, sitakwenda.

Wako,
Hiza


Sindeni,
21 Aprili 2025

Kwako Hiza uliyesahau kunizika,

Mbona safari hii hukuniita marehemu? Nilidhani barua si yako, nikaitazama sahihi. Au ndege imeanza kukupa adabu kabla hujaipanda?

Sikufichi, siku mbili nilinuna. Nilikuwa nimeshajiona nashuka ngazi za ndege na viatu vipya. Nilishamwambia jirani Rukaya. Halafu nikajiuliza, kama si mimi, aende nani? Macho yako yameharibika kwa mwandiko wangu. Miaka yote hii unachapa mambo ya sayari huku wateja wanakusubiri utoe kopi za vyeti. Nenda. Nimefurahi kweli.

Kitu kimoja tu. Wasomaji wakisema chochote kuhusu hadithi, niletee. Hata matusi. Matusi ya mtu asiyenijua nitayaweka chini ya mto.

Zuena


Korogwe,
15 Juni 2025

Kwako Zuena,

Elina wa kamati ananitumia wanayosema wasomaji. Nimekuandikia machache.

Mmoja wa Brazili: "Nimelia mpaka ukurasa wa mwisho." Mmoja wa Japani: "Kila sentensi inauma." Mwanamke wa Kanada: "Sitausahau mkono ulioandika haya."

Unaona? Wamekupenda. Pasipoti imetoka. Mvua imekata huku, mahindi ya Mpale kule mlimani yameanza kushuka sokoni.

Hiza


Sindeni,
2 Julai 2025

Kwako Hiza,

Mbona wote wanalia?

Mwanamke kafungua mashine mwezini. Unga hautui, unaelea. Wateja wanaukimbiza na ungo, wanagombana huu wa nani na ule wa nani, na mzee mmoja anapiga chafya gunia lake zima linaondoka kwenda zake. Niliiandika nikicheka peke yangu mpaka paka akahama chumba. Nani analia kwa chafya? Labda aliyeitafsiri kaiharibu. Au labda siijui hadithi yangu mwenyewe. Nimeisoma tena mara tatu nikitafuta hicho kilio, na sasa hata pale nilipokuwa nacheka sicheki vizuri.

Haya, safari njema. Nimempa Sadala khanga yangu ya bluu, ndani yake nimefunga kilo moja ya sembe ya mashine yangu. Waonyeshe, waushike, waone kwamba wa kwetu unatua. Na haya hapa chini uwasomee ukumbini, tushinde tusishinde:

"Mimi Zuena Mhina wa Sindeni, mzima wa afya, nawasalimuni. Kama hadithi yangu imewachosha, semeni. Kama imewachekesha, chekeni kwa sauti, Handeni tutasikia."

Usibadilishe neno.

Zuena


Lisbon,
17 Agosti 2025

Zuena,

Umeshinda. Nalisema hilo kwanza kwa sababu nikishasema yanayofuata hutanisikiliza tena.

Umeshinda ukiwa marehemu. Nilipowaandikia maelezo yako mwezi wa tatu nilianza na neno hilo kama ninavyoanza siku zote. Nikaongeza ndugu wenye njaa, nikacheka peke yangu, nikatuma. Nilidhani na wao watacheka. Huku hakuna mtani wa mtu, Zuena. Waliamini. Wakanitumia pole, wakaniuliza ulizaliwa mwaka gani, na mimi nikawajibu mwaka.

Siku ile ningeweza kusema. Mstari mmoja ulitosha, kwamba ni mzima, ulikuwa mzaha. Mwanzo niliona haya, mtu mzima wa miaka hamsini na nne. Halafu nikasoma tena pale waliposema ndugu mmoja aje, nikajiona mimi dirishani kwenye ndege. Miaka kumi na moja nachapa maneno yako na jina langu halipo hata kwenye karatasi ya mwisho. Nilitaka na mimi nionekane mara moja. Goti lako nililifanya kisingizio. Pasipoti ungeipata, yangu ilitoka kwa wiki tatu.

Wale wasomaji niliokuletea niliwakata mikia. Yule wa Brazili aliandika kwamba alilia mpaka ukurasa wa mwisho akijua mwandishi hayupo tena. Wa Japani alimalizia na pumzika kwa amani. Ndiyo sababu hukumwona anayecheka. Hadithi yako haina kosa lolote. Walikuwa wanaisoma wakiwa matangani. Wewe ulikaa unajitilia shaka, nami nilikuwa najua, nikafunga begi.

Jana ukumbini waliitoa picha yako ya Idi, kubwa kama ukuta wa ghala. Wakasimama wote. Watu elfu mbili, kimya, na wengi wao wamevaa nguo za viumbe wa sayari nyingine, mmoja ana masikio ya kijani marefu, ameinamisha kichwa kwa ajili yako. Nilitazama saa nikahesabu. Sindeni ilikuwa saa saba mchana. Ulikuwa unasaga.

Nilikuwa na khanga yako mabegani. Ungekuwa msiba wa kweli, pale ndipo ningeanza kuiga mwendo wako, ule wa goti, na watu wangecheka na kupona. Hapakuwa na wa kucheka. Nikajiona mimi si mtani tena pale, ni mwongo aliyesimama mbele ya watu wema. Salamu zako zilikuwa kwenye mfuko wa shati. "Mzima wa afya." Sikuzisoma. Nilisema asante nikashuka.

Nikuambie na hili. Niliwaza kukuletea jiwe ninyamaze. Lakini kwenye kibao wamechonga jina lako na miaka miwili, 1977 na 2025. Asubuhi nimempelekea fundi saa wa hapa jirani na hoteli, nikamuuliza kama anaweza kuufuta ule wa pili. Amesema unafutika, ila utabaki na kovu.

Barua hii nitampa Sadala nikirudi. Uso wako siuwezi.

Hiza


Korogwe,
8 Septemba 2025

Zuena,

Sadala anasema barua uliipokea mkononi na hukusema neno. Anasema siku ya pili mashine ilikuwa imefungwa, na ya tatu pia. Nimepiga simu yako, haipatikani.

Niambie nifanye nini, nitafanya. Nikimwandikia Elina nitaandika utakachosema wewe. Au nitukane. Nitukane kama ulivyonitukana siku nilipoangusha sinia la ubwabwa harusini kwako. Siku ile ulinitukana mpaka nikashiba. Kimya hiki sikijui.

Hiza


Sindeni,
24 Septemba 2025

Kaka Hiza,

Shikamoo.

Barua yako ya Lisbon nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, sikudanganyi. Masikio ya kijani yameinama kwa ajili yangu! Hakuna mtani Handeni nzima aliyewahi kumzika mwenzake namna hiyo. Kuniita marehemu ilikuwa haki yako. Hata kuninyima safari ningekusamehe, ningekutania nayo mpaka uzeeni.

Mara ya pili niliikumbuka barua yangu ya mwezi wa tatu. Nilikuomba kitu kimoja, nikakuomba bila mzaha. Nilikuambia hao ni watu wasio na sababu ya kunionea huruma. Wewe ukawapa sababu, halafu ukaacha wapige kura. Sasa sijui ni wangapi walioupenda unga na wangapi waliolililia jeneza. Wao wenyewe hawajui. Nilisubiri miaka kumi na moja kuuliza swali hilo, na haliulizwi mara mbili. Mara ya tatu sikuimaliza, maana nililia, na nilikasirika kwamba mwishowe na mimi nimelia kama wao.

Nilikwenda Handeni mjini kwa binti mmoja anayechapa, anaitwa Upendo, akaniandikia kwa Elina. Nimemwambia niko hai. Nimemwambia tuzo wampe aliyenifuata, na mimi wanirudishe kwenye sita, kwa sababu katika sita niliingia nikiwa mzima. Amejibu. Jina langu wameliondoa kwenye ukurasa wa wafu. Hakukusema vibaya. Ila amesema yeye hadithi aliisoma Februari, kabla hujawaandikia lolote, na pale mzee anapopiga chafya alicheka kwenye treni mpaka watu wakahama kiti. Karatasi hiyo nimeibandika ukutani karibu na mashine. Nilitaka maelfu, nimepata mmoja, na huyo nina hakika naye.

Kuanzia sasa Upendo ndiye atakayenichapia. Naomba madaftari yangu yote umpe Sadala, na lile jiwe ulirudishe kwa posta lilikotoka.

Umeniomba nikutukane. Siwezi, matusi ni ya mtani. Wewe ni mtoto wa shangazi yangu, mkubwa wangu kwa miaka sita, nami nitakuheshimu.

Msalimie shangazi.

Mdogo wako,
Zuena Mhina


Korogwe,
30 Septemba 2025

Zuena,

Madaftari kumi na moja nimempa Sadala asubuhi hii. Nimeyafunga kwa khanga yako, la kijani liko juu. Sembe yako imo ndani pia. Kule sikumwonyesha mtu.

Jiwe limeondoka jana kwa posta.

Mama anauliza kwa nini siku hizi nikikuandikia sicheki. Barua hii nimeianza mara nne na lile neno langu la siku zote, na mara zote nne nimelikata.

Marahaba.

Hiza